Sakafu ya Dirisha la Nne

Jumanne, 4 Machi

Wakili amekuja na kijitabu cha picha. Si wakili kweli, anauza bima. Lakini mwanangu huyu alianza kubisha kabla hajaanza kutembea, marehemu baba yake akampa jina hilo, likaganda.

Hakuketi. Alisogeza kikombe changu cha chai, akafungua kijitabu pale pale kilipokuwa kikombe. "Tazama, Mama. Tazama kwanza, usiseme."

Nikatazama. Ukumbi mmoja mkubwa, orofa ya nne, juu kabisa. Nguzo za chuma. Madirisha tisa, marefu kuanzia usawa wa magoti hadi karibu na dari. Sakafu ya mbao, rangi ya asali. Wauzaji wanaita "lofti". Sisi tuliofanya kazi pale kiwandani tulikuwa tunaita Juu. Fulani yuko wapi leo? — Yuko Juu.

Nguzo ya tatu ina bonyeo usawa wa kiuno. Mkokoteni wa magudulia uliigonga katika mwaka wangu wa pili. Wameipaka rangi nyeusi, lakini bonyeo lipo. Sikuhitaji kusoma anwani.

Bei: laki nane na nusu.

Mpango wake: niuze nyumba hii, wao waongeze mkopo, tuhamie wote. Yeye, mkewe, mtoto anayetarajiwa mwezi wa sita, na mimi kwenye chumba "chenye dirisha lako mwenyewe, Mama". Dirisha langu mwenyewe! Nilikuwa nalo. La nne kutoka ngazini. Miaka kumi na mmoja.

Nikasema tu: "Ni ghali." Akasema ghali ni kupanga. Nikasema ghali ni ghali. Tukaachana hapo, yeye amenuna, mimi nimenyamaza. Nina mambo mawili ya kunyamazia, na sijui ni lipi lililonifunga mdomo.

Alhamisi, 6 Machi

Niandike kwa usahihi, maadamu hakuna atakayesoma.

Jambo la kwanza: sitaki kuuza nyumba. Vyumba viwili, jiko, mlango unaokwama mvua ikinyesha. Niliingia nchi hii na sanduku moja, nusu yake vitabu, na mpakani wenzangu walinicheka — mwenye akili hubeba blanketi! Nyumba hii nimeilipia miaka ishirini na miwili. Sanduku lile bado liko juu ya kabati. Hadi mwaka juzi nilikuwa nalifuta vumbi kila Ijumaa, kama mtu mwenye safari Jumamosi. Siku moja nikasahau. Ijumaa iliyofuata nikasahau tena. Hiyo ndiyo thamani ya nyumba hii, na haimo katika kijitabu cha dalali yeyote.

Jambo la pili. Juu tulikuwa tunatengeneza vipimajoto. Vya hospitali, vile vya kutia kwapani. Wanangu niliwaambia nafanya kazi "kwenye vifaa vya hospitali". Wao wakaelewa ofisi, nami sikuwasahihisha. Mimi niliyekuwa nafundisha fasihi kule kwetu, leo najaza mirija ya kioo kwa zebaki! Sikutaka wajue.

Zebaki ilikuja kwa magudulia. Nzito ajabu: gudulia dogo kama birika, linabebwa na watu wawili. Mrija ukikuvunjikia, jina lako liliandikwa ubaoni. Likiandikwa mara tatu, kazi huna. Na sisi wengi wetu hatukuwa na karatasi za maana, tungekwenda wapi? Basi mtu mmoja akabuni njia. Vipande vya kioo, mfukoni mwa aproni. Zebaki, ifagie kwa unyoya wa bata mpaka kwenye mwanya kati ya ubao na ubao. Inakimbia yenyewe, inazama, kwisha. Msimamizi akipita saa kumi na moja jioni anakuta sakafu inang'aa. Tulikuwa na msemo wetu: sakafu safi, mshahara mzima.

Kila siku. Watu arobaini.

Miaka saba baada ya kiwanda kufungwa, nilisoma maktabani kwamba zebaki haiozi. Haiendi popote. Inakaa palepale inapumua, na mahali pakipata joto inapumua zaidi. Pumzi yake haionekani wala hainuki. Anayeumia kuliko wote ni mtoto aliye tumboni.

Nilifunga kitabu nikakirudisha rafuni. Jengo lilikuwa tupu wakati ule, njiwa tu. Nikajiambia: njiwa hawasomi. Nikanyamaza.

Jumamosi, 8 Machi

Tumekwenda kuona. Siku hizi kuna lifti! Ngazi zile nilizipanda miaka kumi na mmoja, leo nimepandishwa kama mgeni rasmi.

Dalali ni mama wa makamo mwenye sauti ya mtangazaji wa mpira. "Sakafu asilia! Haijaguswa tangu enzi za kiwanda! Tumepiga msasa kidogo na vanishi, basi. Hii ndiyo inayopandisha bei, mama yangu. Hizi mbao zina historia."

Nikamuuliza, historia gani.

"Walikuwa wanatengeneza… saa, nadhani. Au taa. Vitu vya vioo vioo."

Mkwe wangu ni mshonaji. Hukata vitambaa sakafuni, amepiga magoti, pekupeku, pini mdomoni. Anasema meza inamfunga mikono. Alipoona ule uwanja akapiga kelele ya furaha. Akavua viatu. Akajilaza chali, tumbo juu, kwenye kipande cha jua chini ya dirisha la nne. Madirisha tisa, na yeye akachagua lile!

"Mama, njoo uguse! Mbao zina moto kama mkate!"

Nilisimama kama nguzo.

"Inuka, mwanangu," nikasema. "Utapata mafua."

Mafua! Juani! Wakacheka wote wawili, yeye na dalali. Wakili hakucheka. Aliniangalia jinsi anavyomwangalia mteja anayedai gari lake limeibwa.

Ni chumba kizuri. Niandike hilo pia. Mwanga ule sijauona mahali pengine. Baadhi ya saa za utulivu wa maisha yangu nilizipata pale, na unyoya mkononi.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwambia Wakili. Nilimwita peke yake, jikoni kwangu, nikasema yote: ubao wa majina, aproni, unyoya, mwanya. Alisikiliza hadi mwisho — sifa yake hiyo, hakatizi mtu. Kisha akasema:

"Mama, Jumanne ilikuwa bei. Leo ni sumu. Jumapili ijayo itakuwa majini?"

Nikamwapia. Akasema sina haja ya kiapo, niseme tu kwamba sitaki kuhama, ni haki yangu, hatanilazimisha. Kisha akanichoma penyewe: "Miaka yote hiyo hukuwahi kututajia jengo lile. Hata mara moja. Tumelipita na basi mara ngapi? Halafu leo, nyumba inatakiwa kuuzwa, ndiyo unakumbuka?"

Ningekuwa hakimu ningempa ushindi yeye.

Mlangoni akageuka. Sauti imeshuka. "Mimi nimezaliwa nyumba ya kupanga, Mama. Tumehamishwa mara nne ndani ya miaka mitano, mara moja tukiwa bado tunakula. Mtoto wangu hatazaliwa kwenye nyumba ya mtu. Nielewe."

Namwelewa. Hilo ndilo gumu. Nani amwelewe kama si mimi?

Jumatano, 12 Machi

Mabasi mawili hadi nyumba ya wazee. Nimekwenda kwa Manyoya. Benchi lake lilikuwa jirani na langu, na nyoya zake za bata alikuwa anazichomeka kwenye kitambaa cha kichwa, tatu tatu, kama malkia.

"Mwalimu! Hujafa bado?"

"Nakusubiri utangulie ukafagie."

Alicheka mpaka akakohoa. Hana jino hata moja. Mimi yangu yalianza kung'oka kabla ya miaka arobaini. Tulikuwa tunasema ni maji ya ugenini. Mikono yake inatetemeka. Anakunywa chai kwa kikombe chenye mdomo, kama cha mtoto. Nikamshikia. Akanipiga kofi dogo: "Acha, namwaga mwenyewe."

Nikamweleza habari ya Juu, bei, mkwe, mimba. Aliposikia bei akaniomba nirudie. "Kwa pale petu? Pale choo kilikuwa kimoja?"

Kisha nikasema, laiti yule mtu aliyebuni ile njia ya mianya angejua.

Akaweka kikombe.

"Mtu gani? Wewe!"

Nikakana. Akanitazama kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyonitisha. "Ilikuwa wiki yako ya kwanza. Jina lako lilishaandikwa mara mbili, mrija wa tatu ukakuponyoka. Ukaukazia macho ule mwanya, ukasema: jamani, huu haujai. Siku ya pili yake ukatupanga mstari, ukatufundisha: kioo huku, unyoya hivi, mkono mwepesi. Ndiyo maana tukakuita Mwalimu. Ulidhani ni kwa ajili ya vitabu vyako?"

Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Nimerudi nimefungua ukurasa wa Alhamisi. "Mtu mmoja akabuni njia." Nimeuacha kama ulivyo. Niwe nauona.

Nilimuuliza kama amenikasirikia.

"Mwanangu wa kwanza alisoma kwa mshahara ule mzima. Nikukasirikie kwa mkono upi?" Akainua yote miwili, ikitetemeka, tukaiangalia. Hakuna aliyecheka.

Wakati naondoka akanikumbusha kitu. Nyuma ya nguzo ya tatu, chini ya dirisha la nne, kuna kiraka cha ubao, mfupi kama mkono, pale bomba lilipopita. Sakafu inainamia huko. "Kila ulichofagia kilikwenda pale, Mwalimu. Kama watoto kengele ya shule ikilia."

Ijumaa, 14 Machi

Nilimwomba Wakili dakika kumi. Nikamwekea sharti ambalo hakuweza kulikataa: tukikuta vumbi tupu, nauza nyumba na sitasema neno tena hadi naingia kaburini.

Dalali alibaki nje kwenye ngazi, anazungumza na simu. Kiraka kipo. Vanishi imepita juu yake, lakini skrubu mbili zile zile. Wakili akapiga magoti na bisibisi yake, suruali ya kazini, tai ameitupia begani. Ubao ukagoma, kisha ukatoka.

Vumbi. Kifungo cha aproni. Kipande cha kioo. Basi.

Aliinua uso akanitazama bila hasira. Tayari alikuwa anatafuta maneno ya upole ya kunipa. Nikatoa unyoya. Nilikuwa nimeuchomoa kwenye mto wangu asubuhi. Nikapiga magoti kando yake, magoti yakalia, nikafagia. Mkono mwepesi.

Vumbi likafumbua macho. Moja, matatu, kumi. Kisha yakakimbiliana, yakawa kibwawa kizima, kizito, kinang'aa kama kilichomwagika asubuhi hii. Miaka zaidi ya thelathini! Ndani yake nikauona uso wa mwanangu, mdogo kama punje ya dengu.

"Mama," akasema. Basi, hilo tu.

Nilizoa tone nikalitia katika kichupa cha dawa ya macho, nikakaza kifuniko. Yeye akapiga picha, nyingi. Tukarudisha ubao. Tuliposikia viatu vya dalali akaninong'oneza: "Usimwambie kitu."

Nikadhani nimemwelewa. Mtu wa taratibu huyu, ataandika barua kwa wanaohusika, atakwenda na ushahidi. Nikamshika mkono kwenye lifti. "Baba yangu," nikamwita, kama nilivyokuwa nikimwita akiwa mdogo. Hakuutoa mkono wake.

Nimerudi nimelala mchana, jambo ambalo silifanyi.

Jumapili, 16 Machi

Amekuja mapema, na matunda. Alipoweka matunda mezani nikajua kuna neno.

Bei sasa ni laki tano na nusu.

Nikamwomba aseme tena. Akasema tena, pole pole, kama mtu anayemsomea mgonjwa majibu mema. Alikwenda Ijumaa ile ile kwa mwenye jengo na picha zake. Hawakugombana. Walikunywa kahawa. Mwenye jengo atatandika sakafu mpya ya plastiki juu ya ile ya zamani, ukumbi mzima, "imezibwa kabisa, Mama, haipitishi hata hewa". Na sisi tutatia saini karatasi kwamba tumeelezwa hali ya sakafu, na kwamba hatutaizungumza na mtu yeyote. Saini zote tatu. Mkewe atatia yake Jumatano, kwa mwanasheria, pamoja na zile nyingine. Ni rundo la karatasi, nani husoma zote?

"Na mkeo amesemaje?"

Akaanza kumenya chungwa. "Nitamwambia. Akishajifungua. Sasa hivi asipate presha."

"Akishajifungua!"

"Mama. Tusiponunua sisi atanunua mwingine, kwa bei ile ile ya mwanzo, bila sakafu ya plastiki na bila kujua lolote. Sisi angalau tunajua."

"Basi tuseme, wasinunue wengine."

"Tukisema, tumepata nini? Jengo litafungwa, nasi tutabaki tunapanga."

Nikamwambia plastiki haizuii pumzi ya kitu kile. Akauliza nimeipata wapi. Nikasema maktabani. Mwaka gani? Nikamtajia mwaka. Alipiga hesabu, niliiona inapita machoni mwake. Akaweka chungwa chini.

"Kumbe ulijua tangu nikiwa sekondari. Ukanyamaza miaka thelathini, Mama. Mimi nikinyamaza miezi mitatu ndiyo dhambi?"

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningepata pa kushika.

Amekwenda. Karatasi iko mezani, jina langu limeshachapwa chini ya mstari. Matunda sijayagusa. Mchelea mwana kulia hulia yeye — nimeifundisha methali hiyo kwa madarasa mangapi, na chaki mkononi? Wanafunzi wangu walikuwa wanatoa mfano wa fimbo. Hakuna aliyetoa mfano wa mama anayemnyima mwanawe nyumba.

Na niandike hili pia, ili nisije nikakana tena. Aliposema bei mpya, kabla ya kila kitu, kwa nukta moja, moyo wangu ulisema: si mbaya.

Jumatatu, 17 Machi

Mtu amekuja kuangalia nyumba. Kagonga kuta. Kanusa jikoni. Kasema mlango unakwama. Nikamwambia ni mvua tu, ikikauka unafunguka vizuri. Nikajikuta naitetea kama mtoto mbele ya mwalimu mkuu.

Nimelifuta sanduku vumbi.

Jumanne, 18 Machi

Saini ni kesho, saa nne.

Mkwe amekuja saa tisa hii, peke yake, amebeba gora la kitambaa cheupe begani, na tumbo lile! Cha mapazia. Madirisha tisa, amepima kwa macho siku ile akiwa amelala chali. Nikampokea mzigo, nikamvutia kiti, nikabandika maji ya chai. Karatasi niliifunika na kijitabu cha picha.

Tukazungumza habari ya miguu yake kuvimba. Habari ya mtoto kupiga mateke cherehani ikilia. Kisha akawa anakunjua pembe ya kitambaa na kuikunja.

"Mama, mimi hesabu za majumba sizijui. Kitambaa nakijua. Kitambaa kizuri kikishuka bei theluthi nzima ndani ya wiki moja, kina tundu mahali. Unakikunjua chote mpaka ulione."

Nikapanga vikombe.

"Mume wangu anasema ni bahati. Nikamwambia nitamuuliza Mama. Akasema nisikuulize wewe, umezeeka, una hofu zako, utaniharibia raha." Akainua macho. "Ndiyo maana nimekuja kukuuliza wewe. Bei imeshukia nini?"

Maji yakaanza kuchemka. Nikamwambia ngoja nifuate miwani chumbani.

Niko chumbani. Nimeketi kitandani na naandika haya, penseli imekwisha ncha. Miwani ninayo usoni; aliniona nayo. Hajaniita. Nasikia ameinuka kitini, ameipunguzia moto birika, ameketi tena. Anasubiri. Pole pole anapiga kidole mezani, karibu na kijitabu, au juu yake.

Mwanangu atanisamehe? Siku ile kwenye lifti hakuutoa mkono wake.

Nimefungua droo. Kichupa ni kidogo, lakini mkononi kina uzito wa kitu kikubwa zaidi. Kule Juu nilikuwa nasahau hilo kila asubuhi upya: jinsi zebaki ilivyo nzito.

"Mama?" Sasa ameita.

Nimesimama.